Siku moja Entebbe, peke yako na pesa kidogo

Dada, umesema unatoka Mombasa, una siku moja tu Entebbe, uko peke yako na mfuko ni mwepesi. Hapa si baharini, ni ufuo wa Ziwa Victoria, lakini utafurahi.

Kutoka Kampala panda taksi, yaani matatu yenu, ushukie Kitooro, mtaa wa hapa Entebbe. Uliza nauli kwa abiria kabla ya kupanda.

Asubuhi yote ipe Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898. Mimi ningeacha mengine yote nibaki hapo. Kiingilio si kikubwa, na njia zinateremka chini ya miti mirefu hadi majini. Tazama juu polepole: mbega weusi kwa weupe hukaa matawini, mikia ikining'inia. Tumbili nao wako chini, na chakula chako wanakitaka, basi funga mkoba. Waelekezaji watakufuata, ukimtaka mmoja, patana bei kwanza. Tafadhali usiogelee, ziwa lina kichocho.

Mchana rudi Kitooro ule roleksi, chapati iliyokunjwa na mayai, au sato wa kukaanga.

Pesa ikibaki, nenda Kituo cha Elimu ya Wanyamapori, ile zuu ya zamani. Beba kitambulisho, maana mara nyingi Waafrika Mashariki hulipa nafuu. Kisiwa cha Ngamba kwenye sokwe ni ghali, kiache safari hii.

Bodaboda ya usiku usichukue barabarani. Mwombe mwenye nyumba ya wageni akuitie anayemfahamu.