Kwa wakala wa magari, peleka dalili na ubaki na karatasi

Ukifika kwa wakala wa magari ukamwambia kijana wa mapokezi "shokapu za mbele zimekufa", jua umeshanunua shokapu. Ataandika hivyo kwenye fomu ya kazi, fomu itaingia karakana, fundi atafanya kilichoandikwa, na jioni utaondoka na shokapu mpya na mlio uleule. Hapo hakuna aliyekuibia. Kila mmoja ametimiza maagizo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayepeleka gari sevisi ni kwamba apeleke dalili, hukumu awaachie mafundi.

Dalili ina maelezo yake. Mlio unatoka upande gani? Gari likiwa baridi au likishapata moto? Kwenye tuta, kwenye kona, au ukikanyaga breki? Mimi huandika haya kwenye karatasi kabla sijatoka nyumbani na kuomba ibanwe pamoja na fomu, kwa sababu anayekupokea mezani siye atakayeingia chini ya gari. Kati yako na fundi kuna fomu tu, na kisichokuwemo kwenye fomu fundi hakijui.

RAV4 yangu ya mtumba kutoka Japani iliwahi kuanza kugonga mbele kushoto. Kwa wakala mmoja hapa Dar es Salaam nilipewa makadirio ya shokapu mbili kabla mtu yeyote hajaliendesha gari. Nilikuwa nimeongozana na mdogo wangu wa kiume, na yule kijana wa mapokezi akawa anamweleza yeye, ilhali kadi ya gari ina jina langu na mlipaji ni mimi. Kina dada wengi wamenisimulia jambo hilohilo, na linaniuma kila ninapolisikia. Nikaomba fundi apande gari tuzunguke naye mtaa mmoja tu. Wakakataa, wakasema mafundi hawatoki karakana. Nikaomba ufunguo wangu nikaondoka.

Wakala wa pili hakuona ajabu nilipoomba vilevile. Fundi mtu mzima alikaa kiti cha abiria, akaniambia nipite taratibu kwenye barabara ya vumbi yenye vishimo. Hatukwenda mbali. "Mama, hiyo si shokapu," akasema. "Shokapu ikifa gari linadunda baada ya tuta, na mara nyingi utaikuta imevuja oili. Hili linagongagonga kwenye vishimo vidogo. Tukaangalie linki ya stebilaiza." Gari likanyanyuliwa, akaishika linki kwa mkono, ikacheza. Akaniita nije niishike mwenyewe. Linki ni kifimbo kifupi chenye maungio pande mbili, na bei yake ukiilinganisha na ya shokapu ni ndogo sana. Tangu siku hiyo gari langu linakwenda kwa wakala huyo.

Ndiyo maana sasa, kabla sijauliza bei ya chochote, nauliza kama fundi anaweza kupanda gari nami. Jibu la swali hilo hunieleza habari za mahali hapo zaidi kuliko viti vya ngozi na kahawa ya bure ya mapokezi.

Kaunta ya spea nayo ni idara nyingine kabisa. Ina stoo yake, mahesabu yake na bosi wake, hata kama iko chini ya paa moja na karakana. Mtu wa sevisi anaweza kukuahidi gari kesho mchana wakati stoo haina hiyo spea na itabidi iagizwe nje ya nchi. Kabla hujaruhusu gari lifunguliwe, tembea mwenyewe hadi kaunta ya spea. Uliza kama kitu kipo leo, kama kikiagizwa kitachukua muda gani, na kama ukilipa amana utaandikiwa nini. Gari lililokwisha kufunguliwa haliendi popote, na wewe mwenye gari huna tena nguvu ya kujadiliana.

Kwenye kaunta hiyo nenda na namba ya chesisi. Jina la gari na mwaka havitoshi. Magari yetu mengi ya mtumba yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kwa hiyo hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika katika masoko mengine. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Chukua Toyota IST ya umbo la kwanza: NCP60 ina injini ya lita 1.3, NCP61 ina ya lita 1.5, na NCP65 ni ya lita 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Ukisema "IST ya 2004" umetaja magari matatu, na muuzaji mwenye haraka atachagua moja kwa kubahatisha. Piga picha kibao cha modeli kilichomo ndani ya boneti uwe nayo kwenye simu.

Kisha omba namba ya spea yenyewe iandikwe kwenye profoma, yaani karatasi ya bei unayopewa kabla ya kulipa. Kwa Toyota namba hiyo kwa kawaida ina tarakimu au herufi kumi. Tano za kwanza husema ni kitu gani: 04465 ni pedi za breki za mbele, 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya kushoto. Tano za mwisho hutofautisha toleo na toleo. Ukiwa na namba unaweza kulinganisha bei na maduka ya Gerezani, Kariakoo, na spea ikikataa kuingia mnaamuliwa na maandishi badala ya kubishana nani alisema nini. Wapo wauzaji wa kaunta wanaokunja uso ukiomba namba. Mimi muuzaji wa namna hiyo simwachii pesa yangu, kwa sababu anachonificha ni uwezo wa kulinganisha.

Je, kila kitu kinunuliwe kwa wakala? Hapana. Taa, vioo vya pembeni au mlango, spea ya mtumba iliyo nzima inafaa kabisa. Ila kwa breki, filta ya oili na mafuta ya gia boksi mimi hulipa bei ya wakala bila kunung'unika. Gia boksi ya CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, inataka mafuta yake ya CVT. Ukiiwekea ATF, yaani mafuta ya gia boksi za otomatiki za kawaida, unaiua, na kuinunua upya ni gharama inayoweza kumfanya mtu aliegeshe gari uani kwa mwaka mzima. Kwa spea za umeme, kama koili na sensa, uliza mapema, maana wauzaji wengi hawazirudishi zikishauzwa hata kama tatizo lilikuwa kwingine.

Kuhusu malipo, hakikisha makadirio yameandikwa na yanaonyesha kama VAT imo au bado. Kwenye fomu ya kazi ongeza kwa mkono wako: "Kazi yoyote ya ziada nipigiwe simu kwanza." Omba spea za zamani ziwekwe kwenye buti. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na dhamana ya kazi iandikwe ni ya muda gani.

Mambo yakiharibika, mwone meneja wa sevisi siku hiyohiyo ukiwa na fomu mkononi, kisha umwandikie barua pepe kuthibitisha mlichokubaliana. Kijana wa mapokezi hana mamlaka ya kukurudishia pesa, kumfokea ni kumwonea. Ukiuziwa spea bandia na ukakataliwa haki yako, ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia. Watakuuliza risiti.

Na ukimpata fundi anayesikiliza, chukua jina lake, umsifu kwa meneja wake kwa maandishi, na kila unapoweka miadi omba aandikwe yeye kwenye fomu. Piga simu mapema uchague siku ya katikati ya wiki. Jumatatu asubuhi na Jumamosi magari yamejaa hadi getini, na hata fundi hodari hapati nafasi ya kupanda gari lako.