Kihamba kinanenepesha migomba, je, mizabibu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nahudumu kwenye hoteli ya watalii hapa Moshi mjini. Wageni wakiagiza mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, wanasifia shamba lilikotoka kuliko hata aliyeutengeneza. Baba ana kihamba (shamba la nyumbani) Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, udongo mweusi, migomba inastawi kwa samadi tu. Tukipanda mizabibu pale, hatuwezi kupata mvinyo wa namna hiyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hamuwezi, na tatizo ni kwamba kihamba cha baba ni kizuri mno.

Mzabibu ukishiba hujenga majani. Matawi hurefuka na kuvifunika vichala, zabibu zinakuwa kubwa na zimejaa maji. Sasa rangi ya mvinyo mwekundu, na ule ukakasi unaokamata ulimi (tanini), hutoka kwenye maganda na mbegu. Zabibu ikiwa ndogo, ganda ni jingi kulinganisha na maji yake. Nenda Médoc, huko huko Bordeaux, kando ya mlango wa mto Gironde: zabibu aina ya Cabernet Sauvignon imepandwa kwenye kokoto ambazo mama yako asingezipandia hata maharage. Mvua ikinyesha, maji yanazama upesi. Mchana kokoto zinapata moto, na zabibu hiyo huchelewa kuiva, kwa hiyo kajoto hako kadogo si kitu cha kudharau. Vuka maji uende Pomerol, bado ni Bordeaux, ukute mfinyanzi wa baridi unaoshika unyevu. Huko wanategemea Merlot, ambayo huwahi kuiva. Mashamba hayako mbali, mvinyo ni mwingine kabisa.

Nilidhani zamani kusifia shamba ni majivuno ya Wafaransa. Lakini wewe umekulia kwenye kahawa, unajua ya juu mlimani huiva taratibu kuliko ya huku chini. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi. Kwa zabibu, jua la mchana huongeza sukari na ubaridi wa usiku hulinda tindikali. Ndiyo maana Mendoza, Argentina, zabibu nyingi nzuri za aina ya Malbec ziko juu ya mita 1,000.

Mwinuko Kibosho mnao. Kinachowaangusha, ukiacha rutuba, ni mvua: inapita milimita 1,000 kwa mwaka, na masika majani hayapati kukauka. Ubwiri vinyoya (ugonjwa wa ukungu wa majani) utawamaliza, mtapulizia dawa mpaka faida yote iishie kwenye bomba. Dodoma wanapata milimita 600 hivi, tena kwa msimu mmoja. Kule pia hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, kwa hiyo mkulima huuamsha kwa kupogolea, na huvuna mara mbili kwa mwaka. (Baridi nayo si rafiki wa kuaminika: Aprili 2017 jalidi (baridi ya kugandisha) liliunguza machipukizi Bordeaux kwenye mashamba mengi.)

Ukiwa bado una hamu, tafuta kipande upande wa magharibi wa mlima, kuelekea Sanya, ambako ni kukavu zaidi. Kabla hujalipa chochote, chimba shimo la kina cha mita moja, lijaze maji jioni, urudi asubuhi. Ukiyakuta bado yamesimama, tafuta pengine. Yakiwa yamezama, anza na miche 20, si zaidi, na baba asing'oe mgomba hata mmoja.