Kuhusu nyumba ya babu kuwa makumbusho

Ndugu, umeuliza kama nyumba ya shamba ya ukoo wenu kule Kigamboni inaweza kuwa makumbusho. Inaweza kabisa, na ningefurahi sana kuiona. Pita kwanza Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere enzi za kudai uhuru. Ni nyumba ya kawaida, lakini leo ni makumbusho.

Kabla ya rangi na vibao, malizeni suala la mirathi kwa maandishi. Hapo ndipo mipango mizuri hufa, shangazi mmoja akikataa. Kisha waoneni watu wa Idara ya Mambo ya Kale ya serikali, maana kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayolinda majengo na vitu vya kihistoria.

Sasa kuta. Umesema ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama Boma la Kale pale mjini Dar es Salaam, lililojengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar. Nakuomba sana, fundi asipige plasta ya saruji! Saruji hufungia unyevu ndani, chokaa inalegea, kuta zinaanza kumomonyoka. Tumieni chokaa tena, na mkague boriti za mikoko kama zina mchwa.

Vyombo vya bibi msivitoe wala kuving'arisha. Mrekodini mzee yeyote anayejua kila kimoja kilitumikaje, nani alikinunua, na mnazi upi ulipandwa na nani. Hilo fanyeni mwezi huu, hata kabla ya hati.