Vitufe vyangu vya Word havikujua mwoneko umebadilika

Niliwahi kutengeneza programu jalizi ya Word kwa ajili ya wahariri wa tasnifu: kichupo kimoja kwenye utepe (ule ukanda wa vitufe juu ya hati), vitufe vitano. Viwili vilikuwa vya kupandisha na kushusha ngazi za vichwa vya habari, na nilitaka viwake tu mtu akiwa kwenye mwoneko wa muhtasari (Outline), ule unaoonesha hati kwa ngazi za vichwa vyake. Kwenye mpangilio wa kuchapisha, wahariri walikuwa wanavigusa kwa bahati mbaya, aya ya kawaida inageuka kichwa bila wao kujua. Nikajiambia ni kazi ya jioni moja. Ilinila wiki mbili.

Tatizo ni hili: Word haitoi taarifa mwoneko unapobadilika. Hati ikifunguliwa, inasema. Dirisha likija mbele, inasema. Hata kishale kikihama inasema. Mtu akitoka mpangilio wa kuchapisha kwenda muhtasari, kimya.

Nilianza na saa: OnTime, amri ya kuendesha msimbo baada ya muda fulani, ikague mwoneko kila sekunde. Usifanye hivyo. Word hushika saa moja tu ya aina hiyo. Makro nyingine (programu ndogo ndani ya Word) ikiweka yake, yako inakufa bila kuaga. Kisha nikaandika makro yenye jina la amri ya Word yenyewe ya kufungua muhtasari, maana Word huendesha ya kwako badala ya yake. Hiyo ni njia nzuri, ila msimbo wa mtu mwingine ukibadilisha View.Type (namba ya aina ya mwoneko) moja kwa moja, haupiti kwenye amri hiyo, nawe hupati habari.

Nilichobaki nacho ni WindowSelectionChange, ile taarifa ya kishale kuhama. Kila kishale kinapohama, soma ActiveWindow.View.Type: 2 ni muhtasari, 3 ni mpangilio wa kuchapisha, 6 ni wavuti, 7 ni kusoma. Linganisha na namba uliyohifadhi. Zikitofautiana, hapo ndipo uite InvalidateControl, na Word itauliza upya getEnabled ya kitufe hicho, yaani msimbo wako unaojibu kama kiwake au kizimwe. Usiruke kulinganisha, la sivyo utepe utaulizwa upya kila mtu anapobonyeza mshale. Fanya ukaguzi huohuo kwenye WindowActivate, taarifa ya dirisha kuja mbele, maana madirisha mawili yanaweza kuwa na mioneko miwili.

Njia hii huchelewa kidogo: kitufe hubaki na hali ya zamani mpaka mtu aguse maandishi. Kwa hiyo ndani ya kitendo cha kitufe chenyewe niliweka swali lilelile, je, huu ni mwoneko wa muhtasari, kabla ya kugusa aya yoyote. Hilo, kusema kweli, ndilo lililowaokoa wahariri. Kuwaka na kuzimika ni urembo.

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni kwingine kabisa. Utepe hukukabidhi IRibbonUI, kile kitu unachoitia InvalidateControl, mara moja tu, kwenye onLoad, yaani unapopakiwa. Kosa lisiloshughulikiwa likitokea na mtu akabonyeza End, vigeu vyote hufutika, na kile ulichohifadhia IRibbonUI kimo. Vitufe vinaganda mpaka programu jalizi ipakiwe upya. Weka On Error, amri ya kushughulikia makosa, kwenye kila utaratibu unaoitwa na utepe, na kagua Windows.Count (idadi ya madirisha yaliyo wazi) kabla ya kugusa ActiveWindow, kwani bila hati iliyofunguliwa hapo ndipo kosa la kwanza litakapotokea. Kwangu lilitokea mbele ya mteja, nikiwa nimeshafunga hati ya mfano ili nimwoneshe jinsi kila kitu kilivyo safi.