Jibu: mradi, uendeshaji na upeo wa kazi
Ndugu, umeuliza mradi unatofautianaje na shughuli za kila siku, na upeo ni nini. Hapa Tanga mfano tunao mlangoni: kujenga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani ni mradi, una mwanzo, mwisho na bajeti yake. Kusukuma mafuta baada ya hapo ni uendeshaji.

Upeo ndio unaoumiza wengi. Ni mpaka wa kazi mliyokubaliana. Mteja akisema "niongezee na kabati hapo jikoni" wakati fundi keshapiga lipu, usiitikie tu, nakusihi. Mwandikie gharama na siku zitakazoongezeka, asaini kwanza. Kazi ikikua huku muda na fedha vimebaki palepale, ubora ndio unaoliwa. Chati ya Gantt, yaani mchoro wa milia unaoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini, ichore baadaye, upeo ukishaandikwa.