Wakala anataka niseme nimekulia Johannesburg

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza hapa Moshi. Nina digrii ya ualimu, Kiingereza na Jiografia, na huu ni mwaka wangu wa nne darasani. Kuna wakala amenitafutia kazi China, kufundisha Kiingereza kwenye kituo cha watoto wadogo. Mshahara dola 1,800 kwa mwezi, nyumba bure. Anataka milioni mbili na laki tatu za kufungua faili, na anasema niingie kwa viza ya matembezi, ya kazi nitabadilishiwa hukohuko. Kwenye video ya kujitambulisha ameniambia niseme nimekulia Johannesburg. Kikoba chetu kiko tayari kunikopesha. Mume wangu anasema niende, mama yangu analia tu. Nifanyeje?
Mwalimu, Majengo, Moshi

Marahaba mwanangu. Hela ya kikoba ibaki kwenye sanduku kwanza.

Kinachonitia wasiwasi kuliko hata hizo milioni ni viza. Anayekwenda China kufundisha kwa mshahara anaingia kwa viza ya Z. Shule ndiyo inayokuombea kibali cha kazi kulekule, barua inakukuta ukiwa bado hapo Majengo, unaipeleka ubalozini kwao Dar es Salaam pamoja na pasipoti. Ukifika unakuwa na siku 30 za kuomba kibali cha kuishi. Si kila shule inaruhusiwa kuajiri wageni, na anayekusukuma uingie kwa matembezi kwa kawaida anajua maombi ya halali hayatapita. Wakikukamata unafanya kazi bila kibali, faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likihesabiwa kubwa unawekwa ndani siku 5 hadi 15, kisha unaweza kurudishwa nyumbani. Siku hiyo mpigie wakala uone kama simu itapatikana.

Halafu muulize hao watoto wadogo wana umri gani. Julai 2021 serikali ya China ilibana vituo vya masomo ya ziada: marufuku kutengeneza faida kwa masomo ya shuleni, Kiingereza kikiwemo, marufuku kufundisha wikiendi na likizo. Kwa watoto ambao hawajaanza shule, mafunzo ya lugha za kigeni ya namna hiyo yamekatazwa kabisa. Vituo vingi vilifunga. Vilivyobaki vikijificha ndivyo vinavyopenda walimu wa viza ya matembezi, maana hawawezi kwenda kushtaki.

Sasa hiyo Johannesburg. Kwa mwalimu wa lugha, China wanataka mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa, na waajiri wengi wanasoma hilo kama orodha ya nchi saba: Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kiingereza chako hakina kasoro. Kinachokukwamisha ni pasipoti. Na pasipoti hiyohiyo utaitoa mapokezi siku ya kwanza, kwa hiyo mwenye kituo hadanganyiki, anayedanganywa ni mzazi. Nami wazazi wa kule nawajua. Nilifundisha Hangzhou kabla sijastaafu, na siku za wazazi walikuwa wanakaa kwenye viti vya nyuma, simu mkononi, wanarekodi kila neno. Mmoja aliwahi kunifuata hadi mlangoni kuniuliza nimesoma chuo gani na kwa miaka mingapi. Mzazi wa hivyo ukimwambia Johannesburg atakuuliza mtaa.

Jiografia umeitaja kama kitu cha pembeni. Mimi ningeanzia hapo. Shule za kimataifa na za lugha mbili zinaajiri walimu wa masomo mengine kwa Kiingereza, na huko sharti la lugha ya kuzaliwa halikuhusu. Wanaangalia digrii na uzoefu wa miaka miwili, nawe umeshapita. Andikia shule zenyewe. Watakuomba somo la mfano kwa video, na hapo walimu wetu wengi wanaharibu kwa kuhutubia. Rekodi darasa lako, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi, watoto wakiongea kuliko wewe.

Wakati unasubiri majibu, shughulikia karatasi. Cheti cha digrii na cheti cha tabia njema cha polisi, kile cha alama za vidole, vyote vinahitaji mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi. Mkataba uje na mshahara kwa yuan na anwani ya shule inayoonekana kwenye ramani. Na huyo wakala, pita ofisi ya kazi uulize kama ana leseni. Pasipoti usimwachie hata kwa usiku mmoja.

Mama yako mwache alie kidogo. Wangu alilia hata nilipopangiwa Loliondo.

Barua ya kibali ikifika, nenda Kiboriloni utafute koti zito la mtumba. Hangzhou iko kusini, na huko majengo mengi hayana mfumo wa pamoja wa kupasha joto kama kaskazini; Januari tulikuwa tunafundisha na makoti mwilini, chaki inashikwa kwa glavu.