Jibu: Nani alipaswa kuizuia Titan?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje Titan, ile nyambizi ndogo ya kampuni ya OceanGate iliyopeleka watu kuona mabaki ya meli ya Titanic, ikaruhusiwa kushuka mwaka 2023 hadi ikapondwa na maji pamoja na waliokuwamo. Ruhusa yenyewe haikuombwa popote. Ilizamia kwenye maji ya kimataifa, haikusajiliwa nchi yoyote, wala haikuwa na cheti cha mkaguzi huru. Waliolipa waliitwa "wataalamu wa safari" ili wasihesabiwe abiria. Ujanja wa makaratasi tu! Na mabaki ya Titanic yako mita 3,800 chini, ambako kila sentimita ya mraba inakandamizwa na uzito wa takriban kilo 380. Mwili wa chombo ulikuwa wa nyuzi za kaboni, ambazo huchoka kidogo kidogo kila kinaposhuka. Tabaka huachana kwa ndani, nje huoni kitu. Wataalamu walimwonya bosi wa kampuni tangu 2018 akipeleke kikaguliwe. Akagoma.